Nilibonyeza Ndiyo Bila Kuita Majirani

Mwanangu Mwanaidi,

Sikuulizi hali, maana nakusikia chumbani ukigombana na begi lisilotaka kufungika. Basi lako linaondoka kesho alfajiri, nami nimejifungia jikoni na daftari nikisingizia napika. Maharage yanajipika yenyewe. Mambo ya chandarua, sabuni, kuchagua marafiki na kutonunua mayai ya kuchemsha basi likisimama Mombo, shangazi yako amekwisha kuyasema mara tatu, na mara ya nne anaiandaa. Mimi nayaacha. Nina jambo moja tu, na ni aibu yangu. Kwa kuwa unakwenda Arusha kusomea kompyuta, ni afadhali ulisikie lote kutoka kwangu, kabla hujalikuta darasani likifundishwa kama mfano wa ujinga. Vipande vyake unavijua. Hujawahi kulisikia kutoka mwanzo.

Unajua mimi ni mwoga. Nilikuzaa nina miaka kumi na minane, ndiyo maana watu wakituona pamoja sokoni huuliza nani dada na nani mdogo. Nilirudi shule nikiwa na mtoto mgongoni, na nilichojifunza huko, zaidi ya hesabu, ni kwamba mtu aliyekosea mara moja mbele za watu hupimwa kila siku kama atakosea tena. Basi nikawa mwangalifu. Nikawa nasoma kila kitu mara mbili. Nilipopata ukarani wa masjala ya ardhi hapa kijijini, nilikuwa napiga mstari kwa rula hata chini ya sahihi yangu. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeiua kompyuta ya ofisi.

Ulikuwa kidato cha pili, nami nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio kazini. Ofisi ilikuwa na kompyuta moja, iliyoachwa na mradi uliopima mashamba. Ndani yake mlikuwa na programu moja ya maana, ile ya kuchapa hati za kimila: jina la mwenye shamba, ramani yake, na majirani wa pande nne. Ikaja barua kutoka ofisi za juu, pamoja na flashi, kwamba kompyuta zote ziwekewe mfumo mkuu mpya kwa ajili ya usalama. Mtendaji wa kijiji aliisoma, akaikunja, akanikabidhi.

"Wewe ndiye msomi. Iapdeti."

"Mzee, programu yetu ni ya zamani. Ikikataa?"

"Itakataaje barua?"

Nikaanza Ijumaa asubuhi. Mfumo mpya uliingia bila ubishi, nikaanza hata kujisifu. Mwishoni ikatokea orodha ndefu: maktaba hizi zimepitwa na wakati, hazihitajiki tena, ziondolewe? Ndiyo au Hapana.

Utafundishwa vizuri kuliko nitakavyoeleza, lakini maktaba ya programu si chumba cha vitabu. Ni kazi iliyokwisha kufanywa na mtu mwingine, kama kuchora mstari au kugeuza vipimo kuwa ramani, ikawekwa mahali ili kila mwenye programu aitumie badala ya kuanza upya. Programu yetu haikujua kuchora mpaka. Ilikuwa inaazima mkono wa maktaba, na maktaba yenyewe ilikuwa ya siku nyingi.

Nilisoma orodha ile mara mbili, kama kawaida yangu, nisielewe jina hata moja. Mtu mwingine asipoelewa huacha. Mimi ni karani. Kwangu, maneno "hazihitajiki tena", yaliyotoka kwenye flashi iliyokuja na barua yenye mhuri, hayakuwa swali. Yalikuwa maelekezo kutoka juu. Nikakaa wima, nikaweka kola sawa, nikabonyeza Ndiyo.

Kisha nikafungua programu ya hati. Haikufunguka. Ikaandika kwamba maktaba fulani haionekani. Nikaizima kompyuta, nikaiwasha. Nikaizima, nikaifuta vumbi, nikaiwasha. Bado haikuonekana.

Nikiwa katika kufuta vumbi, akaingia Bi Mwantumu, yule mjane wa karibu na bwawa. Unamjua, lakini huenda hukujua siku zile alikuwa katika hali gani. Wapwa wa marehemu mumewe walikuwa wameanza kulima ndani ya shamba lake, wakisema hana karatasi. Mkutano wa kijiji ulikuwa umekwisha kulipitisha shamba kuwa lake na vipimo vimeandikwa. Kilichobaki ni kuchapa hati tu. Baraza la ardhi la kata lingemsikiliza Alhamisi ya wiki inayofuata, na bila hati angekwenda na maneno yake peke yake mbele ya vijana wanne wenye sauti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuchukua shamba langu." Alisema hivyo kana kwamba nimelifungia kabatini.

Nikamjibu: "Bibi, mtandao uko chini."

Ni jibu zuri sana lile. Halina mwenyewe, halina sahihi, na hakuna mtu ambaye hajawahi kupewa. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Mchana ule wakaja pia wale wapwa wa mumewe kuulizia vipimo, nao nikawapa jibu hilohilo, bila kupendelea.

Jumamosi Bi Mwantumu akaja hapa nyumbani. Nilimwona kwa upenyo wa pazia, nikakutuma wewe mlangoni. Nikakunong'oneza cha kusema. Nawe ukauliza kwa sauti ya kuitia watu mpira:

"Mama, niseme mtandao uko chini? Si ulisema ile kompyuta haijawahi kuwa na mtandao?"

Kisha nikasikia sauti ya nje: "Mwambie mama yako nimesikia. Mwambie Jumatatu nakuja ofisini na mkeka."

Nilikugombeza siku ile, mwanangu, nikasema huna adabu. Nakuomba radhi. Wewe uliuliza kitu cha kweli, na mimi nilikuwa nakufundisha kutumia uongo wangu mapema, kabla hata hujapata wa kwako.

Jumapili nzima nikatafuta njia ya kutoka bila mtu kujua. Nikaipata, nami nikaiona ni ya akili sana. Ndani ya mfumo mpya kulikuwa na maktaba ya kuchora ramani, toleo la kisasa. Nikasema moyoni, programu inatafuta jina tu. Nikainakili ile mpya, nikaipa jina la ile ya zamani. Jumatatu asubuhi nikafungua programu, ikafunguka! Nikachapa hati, nikampelekea Bi Mwantumu pale alipokuwa amekwisha kutandika mkeka wake mlangoni mwa ofisi, na chupa ya chai pembeni, kama mtu aliyekuja kukaa mfungo mzima.

Bibi hasomi, lakini aliitazama ramani muda mrefu. Akaigeuza. Akainamisha kichwa.

"Hili shamba la nani?"

"Lako, Bibi."

"Bwawa limehama lini?"

"Bwawa halijahama."

"Bwawa langu liko upande linakotoka jua. Nimeteka maji pale tangu nilipoletwa bibi harusi. Hapa mmelipeleka barabarani. Mabasi ya Korogwe yatapita wapi?"

Ndivyo ilivyokuwa. Maktaba mpya ilikuwa inasoma vipimo kwa mpangilio mwingine: cha kaskazini ikakiweka mashariki, cha mashariki kaskazini. Programu haikujua, kwa sababu jina lilikuwa lilelile. Na mimi nisingejua, kwa sababu nilikuwa naangalia kama mashine imefunguka, siangalii imesema nini. Kumbuka hilo kuliko mengine yote ya ufundi utakayoyasoma hapa. Programu iliyokataa kufunguka ilikuwa imenifanyia wema. Iliyofunguka ndiyo ilitaka kumhamisha mjane wa watu.

Nikakaa kwenye mkeka. Nikamweleza yote: barua, flashi, orodha, Ndiyo. Alinisikiliza akinimiminia chai. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Ulipong'oa hivyo vya zamani, uliita majirani?"

Mwanaidi, unajua sisi tulivyo. Hapa kwetu mtu hang'oi mkonge wa mpakani, hata uwe umekauka na kugeuka kiota cha siafu, mpaka awaite majirani wa pande nne. Wanasimama pale, kila mmoja anasema kama ana neno. Mmoja atasema uache, ndio alama yangu ya kisima. Na anayeandika majina ya waliofika ni mimi! Nina daftari zima la majirani walioitwa kushuhudia mkonge mmoja ukitolewa. Karani huyohuyo aling'oa orodha nzima ya maktaba bila kuuliza hata programu moja: wewe, una neno?

"Sikuita," nikasema.

"Basi mtafute aliyepanda," akasema Bibi, akafunika chupa yake.

Chini kabisa ya kila hati ya zamani kuna maandishi madogo kama mayai ya chawa. Nikachukua moja nikayasoma: programu imeandikwa na Mwalimu Zakaria, Dindira. Simu yake haikupatikana. Jumanne nikamwambia Mtendaji kwamba tumbo linaniuma, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu, nikapanda basi la Korogwe na kutoka pale gari la milimani. Nilikwenda na ndala na kanga moja. Nilipofika Dindira, ukungu umekalia michai, hata meno yangu yalikuwa yanagongana kwa lafudhi yetu ya Kizigua.

Mwalimu Zakaria ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Nilimkuta shambani akichuma chai.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Huyu katoka tambarare, muone alivyopauka. Mama Yohana! Leta chai kabla Mzigua wa watu hajatufia."

Mkewe akaleta chai na magimbi. Nikaeleza shida yangu nikiwa nimeshika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Bado mnaitumia ile programu?" akashangaa. "Niliiandika ya muda tu, mpaka iletwe ya kweli."

"Haijaletwa."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

Akatikisa kichwa, sikujua kwa fahari au kwa aibu. Kisha akaanza kunihoji kama yuko ubaoni.

"Umeondoa maktaba ngapi?"

"Zote zilizoorodheshwa."

"Zote! Kwa nini?"

"Iliandika hazihitajiki."

"Hazihitajiki na mfumo mpya. Programu yangu imo kwenye orodha ya mfumo mpya? Mfumo unajuaje kama mimi niliwahi kuzaliwa?"

"Haujui, Mwalimu."

"Ukafanya nini baadaye?"

"Nikachukua mpya, nikaipa jina la ya zamani."

"Mama Yohana!" akaita tena. "Acha hayo majani, njoo umsikilize huyu." Alitaka mtu wa kucheka naye.

Walipomaliza kucheka, na haikuwa mapema, akaingia ndani kutafuta diski yake. Ilikuwa katika boksi moja na rimoti za televisheni zilizokufa, na mkewe akasema sasa ndiyo sababu ya kutotupa rimoti imepatikana, ataishi nazo mpaka kiama. Mwalimu aliniandikia maelezo nyuma ya kadi ya harusi. Kwanza, nakili kila kitu kilichomo kwenye kompyuta kabla hujagusa chochote. Halafu maktaba ya zamani usiirudishe kwa kompyuta nzima, maana utavunja vipya kama ulivyovunja vya kale. Iweke ndani ya folda ya programu yenyewe, kisha uiambie programu: mkono wako wa kuazima ni huu hapa, usiende kwingine.

"Na hiyo ni dawa ya kutuliza," akasema. "Maktaba kuukuu haipati tena matengenezo. Iko siku programu hii itabidi iandikwe upya."

"Na nani, Mwalimu?"

"Si mimi. Mimi nina chai."

Jumatano nikafanya kama alivyoandika, nikiweka alama ya vema kwa kila hatua. Mchana programu ikafunguka. Safari hii sikufurahi. Nilichukua hati tano za zamani, nikazichapa upya, nikazilinganisha mpaka kwa mpaka, nikizishikilia pamoja kwenye mwanga. Ndipo nikachapa ya Bi Mwantumu. Alipitisha kidole juu ya ramani: bwawa, njia, mnazi wa mumewe ambao haukuchorwa lakini yeye aliuona.

"Sasa nipo," akasema, akakunja mkeka.

Laiti ingeishia hapo, nisingekuwa na cha kukuandikia ila sifa zangu. Lakini hati ilikuwa na tarehe ya Jumatano, na baraza lilikuwa Alhamisi.

Sefu, mkubwa wa wale wapwa, aliipokea ile karatasi, akaiinua watu wote waione.

"Wazee wangu, tazameni. Kesi ya leo, hati ya jana! Ijumaa sisi tumekwenda, karani akasema mtandao uko chini. Mtandao umepanda kwa Bi Mwantumu peke yake? Na nimeuliza mafundi, kompyuta ile haina hata waya wa mtandao. Hii karatasi imepikwa."

Ukumbi ukavuma. Mwenyekiti akamgeukia Mtendaji. Mtendaji akasimama, akajikohoza. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mtandao kweli ulisumbua. Karani yupo, atathibitisha." Akanitazama kama mtu anayemwonyesha mwenzake mlango ulio wazi moto ukiwaka. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anatuokoa sote wawili.

Nikasimama. Nikisema "ni kweli", kazi yangu inabaki, na hati ya Bibi inakufa pamoja na uongo wangu, maana Sefu alikuwa amekwisha kuushika mkia. Nikisema vingine, mimi ni mtumishi wa majaribio niliyeharibu mali ya ofisi nikaficha siku sita.

"Mtandao haukuwa chini," nikasema. "Haujawahi kuwepo. Kompyuta niliivunja mimi."

"Uliivunja na nini?" akauliza mzee mmoja wa baraza, nadhani alifikiri jembe.

Nikaeleza maktaba kwa namna niliyoweza. Nilipofika kwenye mkonge wa mpakani, yule mzee akanikatiza: "Majirani uliwaita?"

"Sikuwaita, mzee."

Walicheka mpaka Mwenyekiti akagonga meza, kisha naye akacheka. Nikatoa muhtasari wa mkutano wa kijiji wenye vipimo, ulioandikwa kabla ya mambo yote haya, nikatoa na ile hati ya kwanza yenye makosa. Sefu akainyakua ile ya Jumatatu.

"Na hii yenye bwawa barabarani ni ya nini?"

"Hiyo ndiyo niliyochapa nikiwa najificha," nikasema. "Hii nyingine nimeichapa baada ya kusema."

Wakalinganisha vipimo vya muhtasari na ramani, kimoja baada ya kingine, Sefu mwenyewe akisoma. Vikalingana vyote. Kabla ya adhuhuri shamba lilikuwa la Bi Mwantumu, na wapwa wakapewa siku saba kutoa mahindi yao.

Mimi nilipata barua ya onyo. Niliichapa mwenyewe, maana karani ni mimi. Mtendaji akanirudishia mara mbili nirekebishe, akisema haina ukali wa kutosha. Majaribio yangu yakaongezwa miezi sita, nami nikayamaliza.

Haya unaweza kuwa umeyasikia. Ambalo hulijui ni hili. Pale niliposimama, neno lililokuwa mdomoni mwangu lilikuwa "ni kweli". Lilikuwa limekwisha kufika kwenye meno. Nikageuza macho nisimwone Bi Mwantumu, yakaangukia dirishani, na hapo nje ulikuwa umesimama wewe, umeshika nondo za dirisha, umevaa sare ya shule, saa nne asubuhi, siku ya masomo. Umetoroka. Ulijificha haraka, ukadhani sikukuona. Nilikuona, Mwanaidi. Watu wa ofisini wanasema siku ile nilikuwa jasiri, nami sijawahi kuwasahihisha. Sikuwa jasiri. Nilikuwa na wewe dirishani.

Sikukugombeza kwa kutoroka kwako, na leo umekua, muda umepita. Huko uendako utaketi mbele ya mashine na orodha usiyoielewa, na iko siku utabonyeza Ndiyo yako, uvunje kitu cha mtu. Utasimama mbele ya watu neno la uongo likiwa limefika kwenye meno.

Siku hiyo nipigie. Niambie jengo na saa. Arusha si mbali, nami nitauliza njia mpaka nilipate hilo dirisha.

Mama yako